Sanduku la Bati Chini ya Kitanda

Mjomba wangu, kaka yake mama, alifariki Tanga mwaka 1998. Tulikaa matanga siku tatu, na siku ya nne mkaza mjomba akaniita. Chumba cha uani kilikuwa kimepata mpangaji na alitaka kiwe wazi kabla ya magharibi. Mimi nilikuwa kijana wa kidato cha tatu, nina nguvu na sina kazi, basi kazi ikawa yangu.

Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la bati. Tulilifungua pamoja. Juu kabisa kulikuwa na hati ya nyumba, kitabu cha benki na stakabadhi za kodi. Chini yake kulikuwa na madaftari, vipande vya magazeti, na mafungu ya karatasi yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Mchwa walikuwa wamekwisha kula pembe moja. Mkaza mjomba akatoa hati na kitabu cha benki, akapangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akasema, "Hayo mengine kachome, mwanangu, yasije yakaleta mchwa kwenye nyumba nzima."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Nilichoma nyuma ya jiko. Ilinichukua alasiri nzima, kwa sababu karatasi zilizobanana haziungui upesi. Ule ukurasa wa juu unaungua, wa ndani unabaki mweupe, mpaka uuchokoe kwa kijiti. Kwa hiyo siwezi kusema sikuona. Niliona mwandiko wa mjomba, beti zimepangwa, maneno yamekatwa na mengine yameandikwa juu yake. Nikachokoa.

Mjomba alikuwa karani katika shamba la katani, na alikuwa mshairi. Si mshairi mwenye kitabu. Alikuwa mshairi wa magazetini na redioni, mmoja wa wale waliotuma beti kwa lakabu, wakajibiwa na malenga wa Lindi au Kigoma, wakajibu tena, miezi ikapita wanazozana kwa vina na mizani bila kuonana uso kwa uso. Desturi hiyo ni ya zamani. Mambo Leo, gazeti la serikali ya Tanganyika, lilianza mwaka 1923 na lilikuwa na nafasi ya mashairi. Uhuru na mengine yaliyofuata yakaiendeleza. Yaliyochapishwa yapo kwenye maktaba, ukiwa na subira. Ila rasimu, barua, beti zilizokataliwa na mhariri, orodha ya nani alimjibu nani, yote hayo hukaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mtu.

Nimeanza na aibu yangu kwa makusudi. Tukizungumza juu ya kuhifadhi karatasi za waandishi, huwa tunailaumu serikali, au wazungu, au mchwa. Wote wana sehemu yao. Lakini aliyeshika kibiriti mara nyingi ni mtu wa nyumbani, tena mtiifu.

Miaka kadhaa baadaye nilinunua kitabu kilichonikosesha usingizi. Kinaitwa Barua za Shaaban Robert 1931–1958. Mhariri wake ni M. M. Mulokozi, na kilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, mwaka 2002. Ndani yake mna barua ambazo Shaaban alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kwa muda wa miaka 27.

Hebu tafakari maana yake. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali. Toka 1926 hadi 1944 alikuwa forodhani, kisha idara ya mifugo mpaka 1946, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga mpaka 1952, kisha ofisi ya upimaji ardhi hukohuko Tanga. Mtu wa kazi za namna hiyo hahifadhi kila kitu. Lakini barua ina sifa moja ambayo daftari halina: ukishaituma, iko kwa mtu mwingine. Kumbukumbu ya mwandishi ikawa mikononi mwa msomaji wake. Na huyo msomaji, ambaye naye alikuwa mwandishi wa Nguzo ya Maji na Hadithi Nyingine (1951), hakutupa. Shaaban alifariki Juni 1962. Barua zikatoka kitabuni miaka 40 baadaye.

Kuna jambo jingine katika habari za Shaaban ambalo wasomaji wengi hulipita. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulichapishwa mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilichapishwa 1968. Wakati huo mwenyewe alikuwa kaburini Machui. Yaani vitabu hivi, ambavyo tumevisoma shuleni na kuvijibia mitihani, vilivuka kipindi cha hatari cha miaka mitano, sita, vikiwa ni miswada tu. Miaka hiyo ndiyo watu wanapogawana nguo za marehemu, wanapotafuta hati, wanapopangisha chumba. Angepatikana kijana mmoja mtiifu mwenye kijiti kama mimi, leo Utubora tusingemjua.

Tangu hapo nikaanza kufuatilia: je, waandishi wetu wa pwani na wa mikoani, karatasi zao zimepita njia gani mpaka kutufikia? Nitataja wachache.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840. Alikuwa mshairi wa mji na wa siasa za Wamazrui, na beti zake zilikuwa midomoni mwa watu. Miongo kadhaa baada ya kifo chake, mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, alizikusanya kutoka kwa waliozikumbuka, na akamsaidia mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, kuziandika na kuzifafanua. Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor hatimaye ziliishia London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Mwaka 1940 William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka, na kitabu kikachapishwa Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa Nairobi kitabu chake juu ya Muyaka, akirudi kwenye miswada ileile.

Ukiiangalia safari hiyo utaona kwamba bila Sikujua, Taylor asingekuwa na cha kuhifadhi. Angeambulia maneno asiyojua yametungwa kwa kisa gani. Shairi la majibizano bila kisa chake ni nusu shairi: unasikia mtu anatukana, hujui anamtukana nani. Maelezo yaliyoandikwa pembeni na watu wanaokijua kisa ndiyo yanayolifanya lisomeke leo. Lakini jina lililo juu ya mkusanyo ni la Taylor. Sisemi hivyo kwa kinyongo, ndivyo nyaraka zinavyofanya kazi: huitwa kwa jina la aliyezikabidhi. Ndiyo maana ni muhimu nani anakabidhi.

Wa pili ni Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Huyu alikuwa fundi wa kila kitu: mshairi, mchonga mbao, mwanamuziki, na mwenye mwandiko mzuri wa hati ya Kiarabu. Wataalamu wa Ulaya walipotaka tenzi za kale, walimwendea yeye. Alimnakilia Alice Werner, akamnakilia Hichens, na Mjerumani Ernst Dammann alipofika Lamu katika miaka ya 1930 akafanya naye kazi pia. Kwa hiyo mwandiko wa Kijumwa leo uko London na uko Ujerumani. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu kizima juu yake kutokana na karatasi za Dammann na mikusanyo mingine.

Ni rahisi kusema "walituibia". Kwa Kijumwa neno hilo halikai sawa. Alikuwa mnakili, na kunakili kulikuwa kazi yake. Alijua thamani ya mkono wake na alijua anamwandikia nani. Nakala hizo zilipona kwa sababu zililipiwa, zikatiwa kwenye maboksi, katika nchi yenye baridi. Pamoja na hayo, kijana wa Lamu aliyetaka kuona kazi ya mtu wa mtaa wake alihitaji pasipoti. Siku hizi SOAS wameweka mtandaoni picha nyingi za miswada hiyo, na hilo limepunguza maumivu. Halijayamaliza, maana picha humfikia mwenye mtandao na mwenye kujua kwamba zipo.

Huku kwetu nako hapakuwa patupu. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada na kanda za sauti kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Mkusanyo huo ni wa hapa nyumbani. Nairobi, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa za Kenya ilianzishwa 1965, na katika miaka ya 1970 ilipokea vitabu na kazi za sanaa za Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais. Murumbi angeweza kuuza nje. Aliacha vitu vyake Kenya, na leo ukiingia jengo lile la katikati ya mji unaviona.

Lakini msomaji ataniuliza: mbona basi karatasi za mjomba wako hazikuwa na pa kwenda? Jibu ni kwamba ofisi za nyaraka za taifa zilijengwa kwanza kwa ajili ya mafaili ya serikali. Faili la mkuu wa wilaya lina njia yake: linafungwa, linapewa namba, linakaa miaka yake, linahamishwa. Karatasi za mshairi hazina njia. Lazima mtu ajitokeze azipeleke, na mwingine akubali kuzipokea, na kuwe na rafu, na kuwe na mtu wa kuzipanga. Maktaba za vyuo zinaweza kupokea, ila nazo humtazama kwanza mwandishi mwenye vitabu na jina. Mshairi wa wilaya, aliyechapishwa gazetini kwa lakabu, hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Na wale wenye majina makubwa wana shida ya upande wa pili. Karatasi za Chinua Achebe ziko Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Gabriel García Márquez alipofariki mwaka 2014, kituo cha Harry Ransom huko Texas kilinunua karatasi zake kwa dola milioni 2.2, na watu wa Kolombia wakanung'unika. Sitamlaumu mjane wala mtoto anayeuza. Kuna ada za shule, kuna paa linavuja, na huko zitatunzwa vizuri. Nasema tu kwamba soko hilo linawajua wachache sana. Kati ya aliye Harvard na aliyechomwa nyuma ya jiko kuna mamia ya waandishi, na hao ndio wenye hatari.

Kuna mfano mmoja wa karibu unaonipa moyo. Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, anayejulikana kama Ustadh Mau, ni imamu na mshairi wa Lamu aliyezaliwa mwaka 1952, mtunzi wa Wasiya wa Mabanati. Maktaba yake ya nyumbani ina vitabu, miswada na mashairi ambayo watu wa Lamu walimwomba awatungie. Mtafiti Annachiara Raia amefanya naye kazi ya kuyapiga picha yote hayo na kuyaweka kidijitali, chini ya mpango wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, unaosaidia nyaraka zilizo hatarini. Ninachopenda hapo ni mambo mawili: mwenye karatasi yupo hai, na karatasi hazihami. Mwenyewe anaweza kueleza hili liliandikiwa nani na kwa shida gani. Kazi ya Sikujua inafanywa na mtunzi mwenyewe.

Tuseme basi sanduku liko mbele yako leo. Ufanyeje? Nilipata kujifunza kwa wakutubi na wahifadhi, na nitasema kwa ufupi.

Kwanza, usipange upya. Sisi hupenda kutenga: mashairi huku, stakabadhi kule, barua kule. Kumbe ile stakabadhi ya duka iliyokaa katikati ya daftari ndiyo inayotoa tarehe ya shairi lisilo na tarehe. Piga picha kila fungu kabla hujalifungua. Pili, ondoa pini na vibanio vya chuma, maana kutu hula karatasi polepole, hasa pwani kwenye unyevu wa chumvi. Usitumie gundi wala utepe wa plastiki kuunga pachipochanika, na usilamineti kitu chochote; ukishalamineti hakuna kurudi nyuma. Vipande vya gazeti vitenge kwa karatasi nyeupe safi, kwa sababu karatasi ya gazeti ina asidi na hugeuza rangi ya jirani yake. Weka kwenye boksi, si kwenye mfuko wa nailoni, juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta. Tatu, andika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni: hili ni la nani, limetoka chumba gani, nani katika ukoo anajua zaidi. Maelezo hayo hayagharimu kitu, na ndiyo yanayokufa haraka kuliko wino.

Picha za simu zinafaa, ila usizitume kwa WhatsApp kama picha ukadhani umehifadhi, maana hupunguzwa ubora. Zitume kama faili, na ziweke mahali zaidi ya pamoja. Na kwa nyinyi mnaoandika sasa, sanduku lenu ni simu. Mtu akifa na namba ya siri, amekwenda na rasimu zake zote. Mwambie mtu mmoja.

Jambo la mwisho ni la sheria na adabu pamoja. Barua, kama karatasi, ni mali ya aliyepokea. Maneno yaliyomo, haki ya kuyachapisha iko kwa mwandishi na warithi wake. Na ndani ya barua mna siri za watu: deni, talaka, ugonjwa. Unaweza kukabidhi kwa masharti, kwamba fungu hili lisifunguliwe mpaka muda fulani upite. Wahifadhi wamezoea kuombwa hivyo. Kufunga kwa muda ni bora kuliko moto.

Mwaka juzi binamu yangu aliniambia kwamba rafiki wa mjomba, mshairi mwenzake, bado yu hai, anakaa upande wa Muheza. Nilikwenda. Nilimkuta mzee amekaa barazani kwenye kiti cha kamba, miguu imevimba, masikio mazima.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Sura hiyo naijua."

Nilimweleza mimi ni nani. Nikamweleza pia habari ya nyuma ya jiko, maana sikuona adabu kuomba kitu bila kusema nilichofanya. Alinyamaza kitambo. Kisha akamwita mjukuu wake amletee kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati. Lilikuwa na barua 14 za mjomba, za miaka ya 1960 na 1970, zimekunjwa mara mbili, nyingine bado ndani ya bahasha zenye stempu.

Nilimuuliza kama angekubali nizichukue, nizipeleke mahali pa kuhifadhiwa.

"Hapana," akasema. "Mjomba wako aliniandikia mimi. Nikifa, mtazikuta hapa. Ila zisome."

Nilizisoma na kuzipiga picha pale barazani, moja moja, mzee akinieleza nani ni nani. Katika barua ya mwaka 1974 mjomba anamweleza rafiki yake kwamba amepanga kazi zake katika madaftari matano, na anataja kila moja lina nini: la kwanza mashairi ya magazetini, la pili majibizano, la tatu nyimbo za ngoma alizozikusanya mashambani kwa wakata mkonge, la nne utenzi ambao hajaumaliza, la tano mafumbo na majibu yake. Anauliza kama mwenzake anamjua mtu wa kuchapisha.

Kwa hiyo sasa najua nilichokichoma. Wale wakata mkonge walitoka sehemu nyingi za nchi na nje yake, na nyimbo zao sijaziona kwenye kitabu chochote mpaka leo.

Mzee hakunilaumu. Aliniuliza tu kama mkaza mjomba bado yupo, nikasema alishatangulia, akamwombea. Halafu akamwambia mjukuu wake, kwa sauti ya kutaka sote tusikie, "Kopo hili mmeliona? Nikifa msilitupe. Mpigieni huyu simu." Kijana akaandika namba yangu kwenye kipande cha karatasi, akakitia ndani ya kopo, juu ya barua, akafunga.